Mwosha Huoshwa

Wahenga walisema kwamba mwosha huoshwa. Maana ya juu ya methali hii inajulikana: anayeosha maiti leo, kesho atalazwa naye juu ya ubao ule ule, na mikono ya wenziwe itamgeuza huku na huku. Husemwa ili kumkumbusha mwenye nguvu kwamba nguvu zake ni za kuazima. Katika makala haya nakusudia kuitumia katika jambo ambalo wahenga hawakuliona, nalo ni kusafisha kompyuta ya jamaa iliyoingiwa na virusi visivyokubali kutoka.

Huenda msomaji akauliza: walimu wa Kiswahili na virusi vya kompyuta, wapi na wapi? Namwomba anivumilie kidogo. Swali ninalolishika hapa si la ufundi. Ni swali la maadili, tena la kale: mwenye kujua anadaiwa nini na yule asiyejua? Mimi nililijibu swali hili vibaya mara tatu mfululizo, katika nyumba ya mjomba wangu, kabla ya kulijibu vizuri mara moja. Naeleza makosa yangu kwa sababu nimegundua baadaye kwamba makosa hayo hayo nilikuwa nikiyafanya darasani kwa miaka mingi.

Mimi si fundi. Ni mwalimu wa lugha hapa Kigali, na mambo ya kompyuta nimejifunza kwa kulazimika, kama walimu wengi walivyolazimika shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa UVIKO-19. Lakini katika ukoo, anayejua kidogo hugeuzwa mjuzi. Simu ya shangazi ikikataa kuita, naitwa mimi. Televisheni ya jirani ikipoteza sauti, naitwa mimi. Basi kompyuta ya mjomba ilipougua, hakuna aliyefikiria mtu mwingine.

Mjomba anakaa Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kilikuwa kikisemwa vibarazani mwake zamani sana, kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Umri wake umepita miaka sabini. Alikuwa karani wa ghala mpaka alipostaafu, na mpaka leo mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Kompyuta aliletewa na binti yake anayeishi Ubelgiji. Humo husoma magazeti, huandika hesabu za kikundi chao cha kuweka na kukopa, na huhifadhi picha.

Picha hizo zataka maelezo. Kabla ya mwaka 1994 nyumba ya babu yangu ilikuwa na watoto saba. Baada yake walibaki wawili: mama yangu na mjomba huyu. Zilibaki pia picha chache za karatasi, ambazo unyevu ulianza kuzila. Binti yake alizipeleka kwa mpiga chapa, zikanakiliwa na kuingizwa katika kompyuta. Zile za karatasi zikaendelea kuoza mpaka nyuso hazikutambulikana tena. Nakala nyingine haikuwapo popote. Kila mmoja wetu alidhani mwenziwe amekwisha kuiweka.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kawaida. Kompyuta ilikwenda polepole. Matangazo ya michezo ya kamari yalijitokeza hata pale mjomba alipokuwa akisoma habari za mazishi. Akitafuta neno katika intaneti, alipelekwa kwenye ukurasa asioujua. Pembeni mwa kioo palikaa alama ya ngao ya kijani, yenye maandishi ya Kifaransa yaliyomwambia kwamba analindwa.

Mara ya kwanza nilikaa saa mbili. Niliondoa programu tano nilizozitilia shaka, pamoja na ile yenye ngao, nikaendesha ukaguzi, nikarudisha kivinjari katika hali yake ya awali. Nikasema, “Tayari, mjomba.” Akanishukuru, nikapewa chai. Hakuuliza nimeondoa nini, nami sikueleza. Baada ya siku tisa akanipigia simu: mambo ni yale yale.

Mara ya pili nilikwenda nikiwa nimejiandaa. Yafaa msomaji ajue kwamba programu hasidi hudumu kwa mbinu zinazojulikana. Hujiandikisha katika orodha ya programu zinazoanza kompyuta inapowashwa. Hujipangia kazi za saa maalumu, ili ikiondolewa asubuhi irudi jioni. Huacha nakala yake kwa jina linalofanana na majina ya faili halali za mfumo endeshi. Hujishikiza katika kivinjari kama kiendelezi, na ikiwa kivinjari kimeunganishwa na akaunti, kiendelezi hicho huweza kurudishwa kutoka katika akaunti hata baada ya kufutwa kwenye mashine. Zipo na kali zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa kampuni ya ESET ya Slovakia walieleza programu hasidi iitwayo LoJax, iliyojificha katika kumbukumbu ya ubao mkuu wa kompyuta, hata kubadili diski nzima hakukuiondoa.

Nilipekua sehemu zote hizo isipokuwa ubao wenyewe. Nikafuta nilichokikuta. Nikaondoka nikijisifu moyoni. Haukupita mwezi, ngao ya kijani ikarudi mahali pake.

Mara ya tatu nilifika nikiwa na hasira, na mwenye hasira hutafuta wa kumbebesha. Nyumbani kwa mjomba kuna mjukuu, kijana wa sekondari, apendaye michezo ya kompyuta. Sikumwuliza neno. Nilisema mbele ya watu wote waliokuwa sebuleni, “Kikulacho ki nguoni mwako,” kisha nikamtazama yeye. Ni mwalimu gani asiyejua kuitumia methali kama fimbo? Kijana aliinamisha kichwa. Jioni hiyo bibi yake alimkataza kuigusa kompyuta, na katazo hilo lilidumu.

Nikatangaza hukumu: nitaifuta diski yote, kisha nitaweka mfumo endeshi mpya. Mjomba alikuwa amekaa nyuma yangu. Akauliza kwa sauti ya chini, “Na hao je?”

“Akina nani, mjomba?”

“Hao waliomo humo.”

Nakiri kwamba mpaka dakika ile nilikuwa naziona zile picha kuwa ni faili tu. Ningalizifuta. Si kwa ubaya, bali kwa ile haraka ya mtu anayeona ugonjwa asimwone mgonjwa. Tulizinakili usiku ule katika diski ya nje, na kwa kuwa nakala isiyofunguliwa haina uhakika, tulifungua moja moja. Kila ilipofunguka, mjomba alitaja jina. Wengine nilikuwa nimewasikia tu kwa mama; nilikuwa sijawahi kuambiwa nani ni nani. Kazi ya nusu saa ikachukua mpaka usiku wa manane. Tukakubaliana kwamba nirudi Jumamosi ifuatayo kwa kazi ya kufuta.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Tulipomaliza kusafisha mitaro ya mtaa wetu, sikungoja mkutano uishe, nikaenda Nyamirambo mapema kuliko saa tuliyoagana. Nilimkuta mjomba mbele ya kompyuta, miwani puani, daftari mkononi. Katika tundu la kompyuta kulikuwa na flashi iliyofungwa pamoja na funguo za nyumba. Alikuwa akiandika tarakimu, moja baada ya moja, akizifuata kwa kidole daftarini.

“Mjomba, unafanya nini?”

“Namrudisha mlinzi,” akasema. “Kila ukija unamfukuza. Nikadhani humjui.”

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote. Miezi kadhaa kabla ya hapo, ilani nyekundu ilimtokea kwenye kioo, ikimwambia kwamba kompyuta yake ina hatari nyingi na kwamba ataipoteza kazi yake yote asipochukua hatua. Hakutaka kunisumbua. Alimwomba binti yake alipe kwa kadi yake, naye akalipa bila kuuliza sana, kwa kuwa baba ndiye aliyeomba. Programu ikaja, na namba ya leseni ikaja. Mjomba, karani wa ghala, aliihifadhi programu katika flashi na namba katika daftari, kwa mwandiko safi, kama alivyohifadhi stakabadhi maisha yake yote. Programu ilimwagiza azime ulinzi mwingine wowote “ili isigongane nao”. Akauzima. Yaani mlinzi wa kweli, aliyekuja pamoja na mfumo endeshi, alitolewa kazini kwa mkono wa mwenye nyumba, kwa amri ya mwongo.

Kwa nini hakuniambia? Nilimwuliza. Alijibu kwamba alijua ningemwambia kuwa fedha za mtoto wake zimepotea, naye hakuwa tayari kulisikia hilo kutoka kwangu. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini methali hiyo inamlaumu mgonjwa peke yake, nami nimeanza kuona kwamba tabibu ana sehemu yake. Mtu huficha maradhi kwa tabibu ambaye amekwisha kumwona akiwacheka wengine.

Basi na tutulie hapa, tuchambue.

Jambo la kwanza ni la lugha. Tunapozungumza juu ya programu hasidi, tumechukua neno lenye historia. Hasidi katika Kiswahili si adui tu. Adui aweza kuwa mtu wa mbali, anayejulikana kwa bendera yake. Hasidi ni mwenye husuda, anayekuchekea huku hapendi upate jema. Naye aghalabu ni mtu wa karibu, anayekula nawe. Sijui ni nani aliyechagua neno hili, lakini alichagua vizuri. Programu iliyomsumbua mjomba haikuvunja mlango. Ilibisha hodi, ikasema imekuja kumlinda, ikakaribishwa, ikalipwa ujira.

Wala mjomba hakuwa wa kwanza. Mwezi Desemba 2008 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwashtaki watu na kampuni waliouza programu za namna hii kwa majina kama WinFixer, DriveCleaner na XP Antivirus. Mbinu ilikuwa ile ile: ukaguzi wa uongo, hofu ya kweli, kisha malipo. Tume ilidai kwamba waliodanganywa walizidi milioni moja. Mwaka 2012 mahakama ya huko ilimwamuru mmoja wa washtakiwa alipe zaidi ya dola milioni 163. Waliodanganywa wote hao hawakuwa wajinga. Walikuwa ni watu waliotaka kutimiza wajibu wao wa kutunza mali yao, na mwongo aliutumia wajibu huo kama ngazi. Hapa ndipo penye uzito wa kimaadili. Mwizi wa kawaida huvizia uzembe wetu. Mwizi huyu huvizia uangalifu wetu.

Jambo la pili ni imani. Mwanzoni nilijiambia kwamba tofauti kati yangu na mjomba ni hii: yeye anaamini ovyo, mimi sidanganyiki. Nilipofikiri zaidi, niliona kwamba najipendelea. Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waundaji wa mfumo endeshi wa Unix, alichapisha hotuba aliyoitoa alipopewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1983. Alieleza jambo linalopaswa kumgusa kila mwalimu wa lugha. Maandishi ya programu, kama ayaandikavyo mwanadamu, hayaendi moja kwa moja katika mashine; hupitia kwa programu nyingine inayoyatafsiri kuwa lugha ya mashine. Thompson alionyesha kwamba mfasiri huyo aweza kufundishwa hiana: akikutana na programu ya kufungulia mlango wa kompyuta, aingize humo ufunguo wa siri, na akitakiwa kumtafsiri mfasiri mpya atakayeshika nafasi yake, amwingizie hiana hiyo hiyo. Baada ya hapo, hata ukiyasoma maandishi yote neno kwa neno, hutaona kosa lolote, kwa maana kosa halimo tena katika maandishi. Limo katika mfasiri. Hitimisho lake lilikuwa kwamba huwezi kuiamini kikamilifu programu ambayo hukuiandika yote wewe mwenyewe.

Ni nani kati yetu aliyeiandika yote mwenyewe? Mimi niliyemcheka mjomba niliutegemea ulinzi wa kampuni ambayo wafanyakazi wake siwajui, juu ya mfumo ambao maandishi yake sijawahi kuyaona. Kwa hiyo sote wawili tuliamini. Tofauti yetu ilikuwa katika mashahidi. Mimi nilikuwa na mashahidi wengi: nimesoma, nimeuliza wenzangu, nimeona mifano ya udanganyifu. Yeye alikuwa na shahidi mmoja tu, na shahidi huyo ndiye aliyekuwa mwizi. Nami niliyeweza kuwa shahidi wa pili, nilifika nyumbani kwake mara tatu nikafunga mdomo.

Sasa twaweza kulijibu swali tulilolianza. Mwenye kujua anadaiwa nini? Naona madeni matatu.

Deni la kwanza ni ridhaa. Kompyuta ya mtu ni nyumba yake. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha inaitaja ridhaa ya mwenye taarifa kuwa mojawapo ya misingi ya kuzishughulikia. Sheria haikutungwa kwa ajili ya mjomba na mpwa wake. Hata hivyo, yale yanayodaiwa kwa mgeni hayawezi kupungua kwa ndugu. Mtu aliyesema “nisafishie” hakusema “nifutie”. Kusafisha na kufuta ni vitenzi viwili. Ukisafisha sahani, sahani hubaki. Ukifuta ubao, maandishi hutoweka. Anayevuka kutoka kitenzi kimoja kwenda cha pili hana budi kurudi kwa mwenye mali na kuomba ruhusa upya.

Deni la pili ni siri. Anayetafuta virusi hupita katika kila chumba. Huona barua, madeni, maradhi, na maneno ambayo mtu aliyaandika kisha akaogopa kuyatuma. Katika mila zetu mwosha maiti hazungumzi sokoni juu ya alichokiona. Nami katika kuipekua ile kompyuta niliona mambo mawili matatu yasiyonihusu. Msomaji hatayasoma hapa.

Deni la tatu, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni maelezo. Kuondoa bila kueleza ni kazi nusu. Niliiondoa programu ya uongo mara tatu, na kila mara niliiacha imani iliyoileta ikiwa nzima. Imani hiyo, kwa kuwa ilikuwa ya mtu mwaminifu na mwangalifu, ilifanya kazi yake kwa uaminifu na uangalifu, ikairudisha. Nilimhesabu LoJax, nilimhesabu mjukuu, wala sikumhesabu mzee anayedhani kwamba mpwa wake amekosea na kwamba yeye anamsahihisha kimyakimya ili asimwaibishe. Kumbe tulikuwa tukisitiriana. Yeye alinisitiri mimi nisionekane sijui, nami nilimnyima maelezo nikidhani kwamba hayamfai.

Hapa yaweza kutolewa hoja dhidi yangu. Mtu atasema: mzee wa miaka sabini na zaidi hana haja ya kuelezwa habari za orodha na viendelezi. Mgonjwa hafundishwi udaktari. Hupewa dawa, akapona. Zaidi ya hayo, kumweleza mtu kwamba amedanganywa ni kumwongezea aibu juu ya hasara.

Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana imedumu. Ni kweli kwamba mjomba hahitaji kujua jinsi programu inavyojipangia saa. Lakini hata mgonjwa, ingawa hafundishwi udaktari, huambiwa kipi ni dawa na kipi ni sumu katika kabati lake mwenyewe. Anayenyamaza juu ya hilo si mpole, ni mzembe. Ama kuhusu aibu, nilijionea kwamba aibu haitoki katika habari, hutoka katika namna ya kuitoa. Nilipomsimulia habari ya wale zaidi ya milioni moja waliodanganywa, mjomba alinyamaza kitambo, kisha akacheka. “Basi tuko wengi,” akasema. Baada ya hapo tuliweza kufanya kazi.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Tuliikata kompyuta kutoka katika mtandao. Nilimweleza kwamba programu ile ilikaa humo kwa mamlaka yote, na kwa hiyo hakuna ajuaye kwa yakini iliacha nini. Njia ya salama ni kuifuta diski na kuanza upya, sasa picha zikiwa mahali pawili. Nikamwuliza kama anakubali. Akafikiri, akauliza maswali mawili, akakubali. Tuliifuta pia ile flashi. Manenosiri yake tuliyabadilisha kwa kutumia simu, si kwa mashine iliyougua. Binti yake aliambiwa aitake benki yake imbadilishie kadi. Mwisho, mjomba alifungua daftari lake, akaipiga mstari ile namba ya leseni, na chini yake akaandika mwenyewe jina la ulinzi unaokuja na mfumo endeshi, na sentensi moja: kila ilani ya kutisha isubiri mpaka nimpigie mpwa wangu. Nilimwahidi kwamba nitapokea simu. Ahadi hiyo ni sehemu ya dawa, kwani ukimwambia mtu aulize kwanza, kisha ukamkaripia anapouliza, umemfundisha kutouliza.

Lilibaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni yule kijana. Nilikuwa nimemshutumu mbele za watu, na haki yataka kosa lililotendwa hadharani liombewe radhi hadharani. Kumwita pembeni kungalikuwa ni kuitunza heshima yangu kwa gharama ya heshima yake. Nilingoja sebule ijae kama siku ile, nikasema kwamba nilikosea na kwamba hakuwa na hatia. Alisema, “Haidhuru, mwalimu.” Lakini kwa muda alikuwa akiondoka nilipokaribia ile kompyuta. Radhi huomba, hailazimishi.

Narudi sasa darasani, kama nilivyoahidi. Kwa miaka mingi wanafunzi wangu wamekuwa wakiandika “nimerara” mahali pa “nimelala”. Nilikata kwa wino mwekundu, wakarudia. Nilikata tena, wakarudia tena. Nikawaita wavivu. Sikutua nikajiuliza kwa nini mtoto mwangalifu arudie kosa lile lile. Jawabu lilikuwa nyumbani kwake: katika Kinyarwanda, kurara ni kulala usiku mahali. Mtoto hakuwa mzembe. Aliiamini kanuni aliyoipata kwa mama yake, na kila nilipolikata neno lake bila kueleza, yeye alidhani kwamba kalamu yangu ndiyo iliyoteleza, akalirudisha.

La hasha, sisemi kwamba lugha ya mama ni hasidi. Ni mlinzi wa kweli wa nyumba nyingine. Nasema tu kwamba kosa linalorudi mara kwa mara halisimami juu ya ukaidi. Lina imani fulani inayolishikilia, na imani haiondolewi kwa wino mwekundu. Siku nilipoyaandika maneno yote mawili ubaoni, nikaonyesha kwamba ni ndugu, na kwamba mmoja anakaa Kigali na mwingine pwani, darasa lilitulia. Kosa halikwisha siku ile. Lakini waliolirudia walianza kujisahihisha wenyewe kabla sijafika, na hilo wino wangu haujawahi kulileta.

Walimu wenzangu, kazi yetu ni ya uosha. Tunapewa vitu vya watu tuvisafishe: maneno yao, matamshi yao, insha walizoziandika usiku kwa taa hafifu. Tuna uwezo wa kufuta, na uwezo huo unalevya. Tukikuta uchafu unaorudi, kabla ya kumtafuta mkosaji, tumwulize kwanza mwenye nyumba ni nini anachokirudisha, na kwa nini anakiona kuwa ni kizuri. Huenda tukakuta kwamba anatusubiri sisi tueleze, na kwamba subira yake ni kubwa kuliko ujuzi wetu.

Mjomba sasa hunipigia simu takriban kila juma kuuliza juu ya ilani fulani. Nyingi hazina maana. Juma lililopita alinipigia ili kunionya mimi: alikuwa amepokea ujumbe wa simu uliojifanya unatoka kwangu, ukiomba fedha. Alikuwa hajatuma. “Mpwa wangu,” akasema, “nimesubiri kwanza nikuulize.” Nikamshukuru, akanieleza polepole, hatua kwa hatua, jinsi alivyoutambua udanganyifu huo. Nilisikiliza mpaka mwisho.